Kufomati Si Kutengeneza

Leo siko kwa mzaha. Nyinyi mlionizoea kwa video za uvuvi na vituko vya kijijini, leo mnivumilie kidogo, maana nina jambo limenikaa kooni tangu Ramadhani.

Nasema hivi: mtu akikuambia kompyuta yako "imejaa virusi, tuifomati" kabla hajaifungua, kabla hata hajakuuliza inazima saa ngapi, huyo hajakutengenezea kitu. Amekufutia tu. Na sisi vijana tunaojiita watu wa dijitali ndio tunaompa pesa, tena tunamwambia ahsante.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Ah, huyu naye, si kompyuta tu?" Haya, ngoja nikueleze.

Nyumbani kwetu Mbwajumali tuna kompyuta ya mezani. Si mpya. Ilinunuliwa Mombasa ikiwa imeshatumika, ikapanda basi mpaka Mokowe, ikaingia botini, ikapita Mkanda maji yakiwa yamejaa, ikafika Pate imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Mimi naihariria video zangu. Dadangu naye ndiye saiba ya mtaa. Mtoto akimaliza kidato cha nne, fomu za KUCCPS kwa dadangu. HELB, kwa dadangu. Mzee anataka cheti fulani, anaambiwa "ingia eCitizen", anaingia sebuleni kwetu. Serikali ilipotangaza mwezi Juni 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen, huko Nairobi watu walipiga makofi. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba kompyuta ya dadangu imegeuka ofisi ya serikali bila mshahara.

Sasa ofisi hiyo ikawa inazima yenyewe. Uko katikati ya fomu, pap! Giza. Siku nyingine inaleta skrini ya buluu na maandishi ya Kizungu, inajiwasha upya. Siku nyingine inaganda tu, kishale hakisogei, sauti inakwama inatoa mlio kama mbu.

Tukaipeleka kwa fundi. Mara ya kwanza: "Virusi." Akafomati. Shilingi 1,500, na nauli ya boti kwenda na kurudi, na kulala kwa watu kwa sababu maji yalikupwa. Ikakaa wiki mbili, ikaanza tena. Mara ya pili, fundi mwingine: "Nani alikufanyia hii Windows? Mbaya hii." Akafomati. Shilingi 1,500 nyingine. Siku tisa, ikaanza tena.

Mara ya tatu mimi sikuwepo. Ami alikuwa anasafiri, mama akamwambia, "Basi chukua na hilo sanduku la watoto." Fundi alimuuliza ami, "Kuna kitu muhimu humu?" Ami akajibu vile mtu yeyote asiyeitumia angejibu: "Hapana, ni vitu vya watoto tu."

Humo ndani kulikuwa na sauti ya bibi.

Nilimrekodi bibi kwa siku tatu, jioni baada ya alasiri, amekaa kwenye mkeka anasuka ukili. Dakika 40 na ushei. Anataja ukoo wetu wote: nani alioa wapi, nani alihama kutoka Siyu, nani alikwenda baharini asirudi. Nilikuwa nimeitoa kwenye simu kwa sababu simu ilijaa, nikaiweka kwenye kompyuta, nikasema nitaihariri. Bibi alifariki mwezi wa Rajab. Ramadhani kompyuta ikarudi nyumbani, safi, nyeupe, ina mandhari mpya ya mlima wenye theluji. Sauti haimo.

Nimejaribu programu za kurudisha mafaili. Nimepata vipande vya nyimbo, picha za harusi nusu nusu, na mafaili ambayo hayafunguki. Bibi hayumo. Na kosa langu mimi nalijua, sihitaji kuambiwa: kitu kimoja, mahali pamoja, hicho si kitu ulichohifadhi. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Lakini sikilizeni lililofuata, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Siku ya pili tangu irudi, saa moja na dakika ishirini jioni, ikazima.

Windows mpya kabisa. Sijaweka programu hata moja. Sijachomeka flashi ya mtu. Sijaunga intaneti. Hao virusi wameingia na boti gani?

Ndiyo nikakaa chini, nikafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyekifanya kwa miezi sita: nikachukua daftari. Kila ikizima naandika tarehe, saa, nilikuwa nafanya nini, na imezima vipi. Imezima pap kama taa? Imeleta buluu? Imeganda? Wiki moja tu. Wallahi, wiki moja na daftari la shilingi 40.

Daftari likaonyesha mambo mawili. Kwanza, zile za kuzima pap karibu zote zilikuwa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Asubuhi hata moja. Sasa niambie, virusi gani vinaswali magharibi halafu ndiyo vianze kazi? Pili, skrini za buluu zilikuja wakati wowote, na kila moja ilikuwa na jina lake. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa jingine tena.

Kumbe ni magonjwa mawili ndani ya sanduku moja, na sote tulikuwa tunayaita kwa jina moja.

Nikafanya jaribio ambalo ningependa kila mmoja wenu alijue, kwa sababu ni la bure. Nikaweka Ubuntu kwenye flashi. Unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, inafanya kazi bila kugusa Windows kabisa, unaweza hata kuchomoa diski ya ndani ukaiweka pembeni. Nikachomoa diski. Nikawasha Ubuntu. Nikangoja. Saa moja na nusu usiku, pap! Giza.

Hapo kesi ikaisha. Windows haipo, diski haipo, na mashine bado inazima. Kwa hiyo mara zote tatu tulizofomati tulikuwa tunaosha shuka la mgonjwa wa malaria.

Jamaa mmoja hapa anayefunga sola akaniazima kipimo cha stima. Tundu la ukutani linatakiwa litoe volti 240 hivi. Saa nne asubuhi, sawa. Saa moja na nusu usiku, watu wamewasha taa, televisheni na friza, nyumbani kwetu kilisoma 188. Lakini sikilizeni, stima kushuka peke yake si jibu, maana televisheni yetu ilikuwa inaendelea kama kawaida. Nikatoa kifuniko. Ndani ya lile sanduku la chuma linalopokea stima, yaani pawa saplai, ukichungulia kwa tochi kwenye matundu yake, unaviona vile vipipa vidogo vya bati, kapasita. Vizima vina kichwa bapa kama kopo la maziwa. Vyangu viwili vilikuwa vimevimba kama kopo lililooza. Kazi yake ni kushikilia stima isitikisike. Vikizeeka, stima ikiyumba kidogo tu, mashine inazima. Asubuhi stima iko imara, mashine inakaa. Usiku inayumba, inaanguka.

Tahadhari: sanduku hilo msilifungue. Chungulieni kwa nje tu. Linaweza kubaki na stima ya kukuumiza hata likiwa limechomolewa ukutani. Linabadilishwa zima.

Nikapata jingine kutoka kwa kompyuta iliyokufa ya jirani, shilingi 700, nikalifunga. Kuzima pap kukaisha siku hiyohiyo.

Zikabaki za buluu. Majina yanayobadilika kila mara, mara nyingi hiyo ni dalili ya RAM. Mashine yangu ina vipande viwili vya RAM. Nikatoa kimoja, nikatumia siku mbili. Nikabadilisha, nikatumia siku mbili. Kimoja kilikuwa sawa, kingine kilileta buluu ndani ya saa moja. Nikakitazama kwenye mwanga: zile meno za dhahabu zimefifia, zina ukungu wa kijani. Chumvi, jamani. Tunaishi juu ya bahari, dirisha liko wazi siku nzima upepo wa kusi unaingia, tulitarajia nini? Nikayasugua meno yale taratibu kwa raba ya penseli, nikapangusa, nikarudisha. Nikaendesha MemTest86 usiku kucha. Safi.

Hesabu yote: shilingi 700 za sanduku, shilingi 40 za daftari, na raba niliyoiba kwa mdogo wangu. Kufomati mara tatu bila nauli: shilingi 4,500, na sauti ya bibi.

Sasa nije kwa wale ambao tayari wananitayarishia jibu.

Wa kwanza anasema: "Lakini virusi vipo." Vipo, tena sana. Sote tunazijua zile flashi za saiba zinazogeuza folda zako kuwa njia za mkato. Na kuna wakati Windows yenyewe imeharibika kabisa, kuiweka upya ndiyo njia. Sijasema kufomati ni haramu. Nasema ni dawa ya mwisho, na hapa kwetu imekuwa ya kwanza. Halafu tuambiane ukweli: ile Windows anayokuwekea kwa dakika 20 kutoka kwenye flashi yake, pamoja na kile kiprogramu cha kuidanganya isidai leseni, umewahi kumuuliza ilitoka wapi? Kuna watu wanaopata virusi siku ileile ya kufomatiwa, kwenye kiti cha fundi.

Wa pili anasema: "Sisi si mafundi, hayo ni ya wasomi." Hapana. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft wenyewe, ziliangukia skrini ya buluu. Ndege zikabaki chini, hospitali zikaahirisha kazi. Watu wakapiga kelele virusi, wadukuzi, vita. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike, yaani askari wa getini ndiye aliyevunja mlango. Na kompyuta nyingi ziliponaje? Mtu anaiwasha kwa hali ile inayoitwa Safe Mode, anafuta faili moja, anawasha upya. Faili moja! Walijua cha kufuta kwa sababu kuna mtu alitafuta sababu kwanza. Wangekuwa na mafundi wetu, nusu ya dunia ingefomatiwa siku ile na watu wangelipa.

Wa tatu ndiye ananiumiza zaidi, kwa sababu ni wa nyumbani. Anasema: "Kompyuta haziwezi kisiwa. Chumvi, stima, joto. Ndiyo hali yetu." Hata ami alisema hivyo. Kwa heshima yote, ami, nakataa. Mashua ikivuja hapa kwetu, kuna mtu anasema "mashua haziwezi bahari"? Kuna mtu anayeichoma moto achonge nyingine? Mzee anaivuta pwani maji yakitoka, anaikagua ubao kwa ubao, anatafuta panapovuja, anatia kalafati pale pale. Ujuzi wa kukagua tunao, tena tumeurithi. Ila likija sanduku lenye waya, tunajifanya hatujawahi kutengeneza kitu katika maisha yetu.

Na chumvi ukishaijua jina lake, unaiwekea mpango. Kompyuta isikae dirishani. Ikizimwa na kupoa, ifunikwe kitambaa. Kila baada ya miezi mitatu toa vumbi, maana vumbi la chokaa likijaa kwenye feni, prosesa inapata moto, na ikikaribia nyuzi 100 inajizima yenyewe ili isiungue. Stima ikikatika, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka, maana inaporudi huja na kishindo. Hakuna hapo kitu kinachotaka digrii.

Lakini kitu kinachonikera kuliko vyote ni hiki, na tafadhali kielewe hata ukisahau mengine. Mashine inapoanguka, Windows inaandika. Ukiandika Event Viewer pale pa kutafutia, unakuta kitabu kizima cha matukio. Kwangu mimi kulikuwa na mistari mingi ya Kernel-Power 41, ambayo haisemi sababu, inasema tu "nilizimwa ghafla bila kuagwa". Lakini saa imeandikwa. Ile saa tu ingetosha. Skrini za buluu nazo mara nyingi huacha faili dogo kwenye folda ya Minidump. Huo wote ni ushahidi. Na kufomati kunafuta ushahidi wote huo pamoja na picha zako. Ni kama mtu ameuawa, halafu wa kwanza kufika anapiga deki sakafu, anapaka rangi ukuta, anakuambia "nyumba iko poa sasa", anadai malipo. Muuaji bado yuko chumbani.

Kuna na hatari nyingine. Ikiwa ugonjwa ni wa diski yenyewe, inakufa polepole, inatoa milio ya tik tik, mafaili yanafunguka kwa taabu, basi kuifomati na kuiandikia Windows nzima juu yake inaweza kuwa ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Diski mgonjwa unanakili vitu kwanza, vyote, halafu ndiyo mambo mengine. Programu kama CrystalDiskInfo inakuonyesha hali ya diski kwa sekunde chache, na ni ya bure.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla hujamruhusu mtu kubonyeza hicho kitufe, muulize maswali matatu. Moja: "Unafikiri ni nini, na umejuaje?" Akijibu "virusi" bila kuonyesha hata jina la kirusi kimoja, beba sanduku lako. Mbili: "Inaanguka hata ikiwashwa kwa flashi ya Linux?" Kama inaanguka, kufomati hakutasaidia kitu. Tatu: "Mafaili yangu umeyaweka wapi kabla ya kuanza?" Na usikubali neno "usijali". Mwambie akuonyeshe.

Fundi mzuri hatakasirika. Wapo, na nimekaa na mmoja Lamu aliyenifundisha kushika RAM kwa kingo bila kugusa yale meno. Ukimuuliza maswali anafurahi, anakuvutia kiti. Anayekasirika ndiye aliyekuwa anaishi kwa kutokujua kwako.

Na nyinyi mafundi vijana, wa rika langu, mnaojifunza kazi sasa hivi: najua mteja ana haraka, najua kufomati ni rahisi na huku unapiga stori. Lakini mtu aliyevuka bahari na sanduku kwenye blanketi hakukuletea Windows. Windows hana haja nayo. Amekuletea harusi ya dadake, fomu ya HELB ya mwanawe, sauti ya mtu ambaye huenda hayupo tena. Windows utaipata kwenye flashi yako. Hivyo vingine hutavipata popote.

Dadangu mwaka huu amejaza fomu za watoto wa kijiji mpaka saa nne usiku, stima ikiyumba, na mashine haijazima hata mara moja. Kwenye rafu kuna diski ya nje ambayo kila Ijumaa tunanakili kila kitu. Daftari bado liko juu ya kompyuta, kurasa za mwisho ziko tupu.

Kabla hujalala leo, nakili vitu vyako mahali pa pili. Na kama bibi yako yuko hai, mrekodi, halafu nakili na hiyo.